Nimezaliwa kisiwani lakini naogopa boti, na mume wangu ametupangia likizo ya kuvuka bahari kila siku

BARUA

Assalaam alaykum Mshauri,

Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na nane, mzaliwa wa Wete, Pemba. Naishi Leicester, Uingereza, na mume wangu na watoto wetu wawili. Mume wangu ni mtu wa Singida. Nakutajia kwao kwa sababu yeye bahari aliiona kwa mara ya kwanza alipokuja chuo Dar es Salaam, na tangu hapo ameipenda kama mtu aliyeoa ukubwani. Mimi niliyekulia karibu na bandari ndiye ninayeikwepa.

Likizo ya Pasaka inayokuja tunakwenda Karibi, na wazo lilikuwa langu. Niliona picha za Grenada, kungumanga na basibasi zimeanikwa juu ya trei za mbao, nikakumbuka karafuu kwenye majamvi ya nyumbani. Nikamwambia mume wangu twende hapo tukakae, tupumzike. Yeye akalichukua wazo akalikuza. Sasa safari imekuwa hivi: ndege hadi Barbados, ndege ndogo hadi St. Vincent, feri hadi Bequia, katamarani (boti pana ya matanga yenye matumbo mawili) ya kutwa kwenda visiwa vya Tobago Cays kuogelea na kasa na kurudi, feri tena hadi Union, boti ya kukodi kuvuka hadi Carriacou, feri hadi Grenada, ndipo tupumzike siku zinazobaki. Amechapisha ramani kubwa akaibandika kwenye friji, na njia za baharini amezichora kwa kalamu nyekundu ya mtoto. Kila nikifungua friji kutoa maziwa naiona ile mistari.

Wifi yangu na mumewe, wakazi wa Reading, wamejiunga nasi. Wameshalipa arubuni ya nyumba ya Bequia na ya ile katamarani. Wifi ananiandikia kila siku: mara nguo za kuogelea za stara, mara mafuta ya jua, mara picha ya kasa. Ni mtu mwema sana, na wema wake ndio unaonizidishia uzito.

Sasa nikueleze nisilomweleza mtu. Septemba 2011 meli iliyokuwa ikitoka Unguja kwenda Pemba ilizama usiku kwenye mkondo wa Nungwi. Binti wa mama yangu mdogo alikuwemo, akirudi nyumbani baada ya sikukuu. Tulilala kitanda kimoja utoto wetu wote. Hakupatikana. Mume wangu anajua kuwa nilifiwa, tulikuwa wachumba wakati ule na alihudhuria hitima. Asichojua ni kwamba tangu hapo sijakanyaga chombo chochote cha baharini. Tukienda nyumbani husema muda hautoshi, tupande ndege ya Dar hadi Chake. Naye hulipa, wala haulizi.

Aliponionyesha ratiba nilisema "sawa". Nimeisema hiyo "sawa" mpaka imekuwa deni. Binti yetu wa miaka 13 ameshajigamba shuleni kwamba mama yake ni mtu wa kisiwani. Mdogo wake wa miaka 8 ananiuliza kama kasa anauma. Baba yao hunitania mbele yao: "Huyu alijua kuogelea kabla ya kutembea, wa kuogopa ni mimi wa nchi kavu." Wanacheka, nami nacheka. Nilipomsimulia mama kwa simu aliniambia maneno mafupi tu, "Waambie wapande ndege," nikamjibu nitawaambia. Sijawaambia.

Nimefikiria njia tatu. Ninyamaze, nimeze vidonge, nifumbe macho mpaka tufike. Au siku za boti nijidai naumwa, wao waende nami nibaki hotelini. Lakini nikiwaza watoto wangu wako baharini na mimi niko nchi kavu nasubiri simu, hapo ndipo pumzi hunikatika kabisa. Au nimweleze mume wangu ukweli, safari ivunjike, niwe mimi niliyewaharibia likizo watu wa nyumba mbili na pesa za wifi zipotee bure.

Nishauri. Na kama unavijua visiwa hivyo, niambie pia hizo boti zikoje, na kama kuna namna ya kuviona bila kuvuka kila kukicha.

Mama Wawili, Leicester

MAJIBU

Waalaykum salaam, dada yangu Mama Wawili.

Kwanza pole. Najua miaka imepita na watu wameshaacha kukupa pole, ila msiba usio na kaburi haufuati kalenda ya misiba mingine. Umefiwa na mtu mliyelala kitanda kimoja, na hadi leo huna mahali pa kwenda kumzuru isipokuwa bahari yenyewe. Mtu wa namna hiyo akiona mistari myekundu kwenye friji yake akakosa pumzi, mimi sishangai.

Nikikusoma vizuri, unayo mambo mawili uliyoyafunga kwenye furushi moja. La kwanza ni hofu. La pili ni siri ya hofu. Furushi hili ndilo linalokuonyesha kwamba kusema ukweli na kuvunja safari ni kitu kimoja. Hebu tulifungue taratibu.

Unasema mume wako hajui. Huenda ni kweli, wewe ndiye unayelala naye nyumba moja. Lakini nimelirudia mara kadhaa lile neno lako dogo, "naye hulipa, wala haulizi." Mtu anayechapisha ramani na kuhesabu kila feri, analipa nauli za ndege za watu wanne kwenda Chake wakati boti ya Unguja ipo, na haulizi kwa nini? Sisemi anajua. Inawezekana ni mkarimu tu. Inawezekana pia alishahisi zamani akaona akuachie mpaka useme mwenyewe, na sasa anadhani muda umeshaponya. Au hakuwahi kuliunganisha jambo hili na lile, kwa sababu kila anapokutania wewe unacheka, na kicheko chako kinamwambia hapana shida. Yote matatu yanawezekana, na huwezi kujua ni lipi kwa kumtazama usoni wakati anachora ramani.

Jambo la pili ni hili la kuzaliwa kisiwani. Nani alikwambia mtu wa kisiwani lazima aipende bahari? Waulize wazee wa Wete ni wangapi kati yao hawajui kuogelea. Mtu wa pwani anaijua bahari, na kuijua ni pamoja na kujua inavyochukua. Anayeiona kama dimbwi la kuchezea mara nyingi ni mgeni wake. Binti yako amejigamba kwa jambo la kweli, ila ni nusu yake, na nusu ya pili hajasimuliwa. Miaka 13 si mtoto wa kufichwa kwamba mama yake alifiwa na nduguye. Ni lini na kwa maneno gani, hilo unalijua wewe.

Umeniuliza kuhusu boti, nami nitakujibu kwa kirefu kidogo, maana nadhani ile ramani uitazame kipande kimoja kimoja, isiwe mstari mmoja mwekundu.

Visiwa hivi vyote vimepangika kutoka kaskazini kwenda kusini, na upepo wa huko unavuma kutoka mashariki karibu mwaka mzima, ukichachamaa zaidi Desemba hadi Februari. Ukiwa upande wa magharibi wa kisiwa, kisiwa chenyewe kinakukinga na bahari hutulia. Shida iko kwenye milango, pale kisiwa kimoja kinapoishia na kingine hakijaanza, Atlantiki inapopenya. Kwa hiyo swali la kuuliza kwa kila safari ni mlango ni upi na unavukwa kwa muda gani. Mume wako, pengine bila kujua, amepanga vizuri jambo moja: anashuka kusini. Wenye mashua za matanga huko hupenda kushuka, kwa sababu kupanda kaskazini ni kukabili upepo na mkondo.

Tuanze na St. Vincent hadi Bequia. Hiyo ni feri ya abiria na magari, inaondoka Kingstown mara kadhaa kwa siku, inavuka kama saa moja, mchana, na nchi unaiona mbele na nyuma muda wote. Inayumba katikati, watu huchafukwa, lakini ni kivuko wanachopanda wanafunzi na wachuuzi wa mboga. Kisha ujue kwamba Bequia ina uwanja wake mdogo wa ndege, na ndege ndogo kutoka Barbados hutua pale. Mnaweza kufika Bequia bila kulowesha unyayo, mkakaa mjini pake, Port Elizabeth, mkatembea kwa miguu kwenye kinjia cha ukingoni mwa maji hadi ufuko wa Princess Margaret. Ile nyumba iliyolipiwa arubuni haipotei hata kidogo.

Katamarani ya Tobago Cays ndiyo siku ndefu. Kutoka Bequia ni kilomita zipatazo 40 kwenda, na mwisho wa siku mnarudi kwa kupanda, upepo usoni. Zile Cays ni visiwa vitano vidogo visivyo na watu, vimekingwa na mwamba wa matumbawe wenye umbo la kwato ya farasi, na nyuma ya mwamba ni Atlantiki tupu. Ndani yake maji ni maangavu na kasa wapo kweli, wanakula majani ya bahari karibu na kisiwa cha Baradal. (Mwambie mwanao mdogo kasa hana haja naye, ila asimguse. Ni hifadhi, na sheria ni kumtazama tu.) Mkondo wa maji una nguvu sehemu nyingine, kwa hiyo mtoto wa miaka 8 huwa na mtu mzima ubavuni, jaketi la kuokolea maisha mwilini, la saizi yake. Wanaokwenda Cays kutoka visiwa vya jirani, Mayreau au Union, wanavuka kipande kifupi mno kuliko hicho.

Union hadi Carriacou ndicho kipande ambacho hata mimi nisiyeogopa boti nimekikunjia uso. Bequia, Mayreau, Tobago Cays na Union ni nchi ya St. Vincent na Grenadines. Carriacou ni nchi ya Grenada. Hapo mnavuka mpaka wa kimataifa kwa boti ndogo ya kukodi, mkigonga pasipoti kutoka upande mmoja na kuingia upande mwingine, watu wazima wanne na watoto wawili na mizigo yao. Hakuna feri kubwa ya kila siku. Isitoshe, tarehe 1 Julai 2024 kimbunga Beryl kilipiga Carriacou moja kwa moja, na Union kilikifyeka. Ujenzi ni wa miaka, na vitabu vya wageni vilivyochapwa kabla ya hapo vinaelezea visiwa vingine. Kabla ya kulipa chochote Union au Carriacou, wapigieni simu wenyeji, mjue nyumba ipi imesimama na boti ipi inakwenda.

Na kwa kuwa Tanzania hairuhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili, familia nyingi kama yenu husafiri na pasipoti mchanganyiko. Barbados, St. Vincent na Grenada ni nchi tatu, kila moja na masharti yake ya kuingia kwa kila pasipoti, na zote hupenda kuona tiketi ya kutokea. Hilo hukaguliwa mapema, kila pasipoti peke yake.

Mwisho ni Carriacou hadi Grenada, feri ya saa moja na nusu hadi mbili. Njiani, kama kilomita 8 kaskazini mwa Grenada, chini ya bahari kuna volkano iitwayo Kick 'em Jenny, iliyojulikana tangu ilipolipuka mwaka 1939. Imewekewa eneo la marufuku na vyombo hupita mbali. Nakutajia kwa sababu mtu yeyote akifungua intaneti usiku ataikuta, na ni afadhali uisikie kwangu mchana. Kipande hiki nacho kina ndege, ya dakika chache tu.

Umeona kwamba katika ramani ile, karibu kila mstari mwekundu una mstari wa angani pembeni yake? Si wa bei ileile. Tiketi za ndege kati ya visiwa vya Karibi zina kodi na tozo nyingi zinazoumiza, na ndege ndogo zina kilo chache za mizigo. Lakini lile swali lako la kama kuna namna ya kuviona visiwa bila kuvuka kila kukicha, jibu lake ni kwamba ipo, na zaidi ya moja.

Njia mojawapo ni ile uliyoitamani mwanzo kabla haijakuzwa: Grenada iwe kituo chenu, na safari ziwe za kutwa, mnaondoka asubuhi na kulala palepale. Kisiwa si kikubwa lakini kimejaa. Gouyave kuna kituo cha kungumanga chenye orofa za mbao ambapo kina mama huchambua mbegu kwa mkono na kuzitumbukiza majini. Inayozama ni nzito, ni nzuri, inayoelea inakwenda kwa matumizi mengine. Kuna ziwa la Grand Etang ndani ya kreta, shimo la volkano ya zamani, katikati ya msitu, maporomoko ya Annandale, ufuko wa Grand Anse. Mabasi ni vipanya vyenye makondakta na muziki wa juu, ukitaka kushuka unagonga bodi. Binti yako wa Leicester atapata picha ya daladala bila kufika Dar. Kimbunga Ivan kiling'oa sehemu kubwa ya mikungumanga ile Septemba 2004, wakati Grenada ilikuwa ya pili duniani baada ya Indonesia, na mti ule unachukua miaka kuzaa. Utakapozungumza na mkulima wa pale, mweleze kwamba kwenu kimbunga cha mwaka 1872 kiliangusha mikarafuu ya Unguja, Pemba ikasalimika kwa sehemu kubwa na ndipo ikawa mama wa karafuu. Mtakuwa na mazungumzo ya mchana mzima. Chakula chao cha taifa, oil down, ni shelisheli lililopikwa kwa tui mpaka likaukie, ila kwa kawaida hutiwa mkia wa nguruwe uliotiwa chumvi, basi uliza kabla hujachota.

Hasara ya njia hii ni kwamba mume wako ataona ndoto yake imekatwa miguu. Yeye anataka visiwa, wingi. Grenada peke yake, hata iwe nzuri vipi, inaweza kumfanya akae ufukweni akitazama upeo wa macho kwa wiki mbili. Na nyumba ya Bequia imeshalipiwa arubuni.

Njia nyingine ni visiwa viwili kwa ndege: Barbados hadi Bequia, mkae, kisha mrudi Barbados na kwenda Grenada, ambako ni chini ya saa moja. Kurudi London, ndege zinaondoka Grenada pia. Hapo wapenda bahari wanaweza kwenda Cays siku moja kutoka Bequia na wewe ukachagua. Lakini nimesikia ulichosema kuhusu kubaki nchi kavu ukisubiri simu, na sitakwambia ni jambo dogo. Kwa watu waliofiwa kama wewe, kusubiri ndiko kulikokuwa kugumu kuliko chochote: siku zile za bandarini, majina yakisomwa. Kubaki hotelini kwa kujidai unaumwa ni kurudi kwenye kusubiri kule ukiwa peke yako, bila mtu wa kukushika mkono kwa sababu hakuna anayejua. Kubaki kwa makubaliano, na wifi yako amebaki nawe sokoni, na kapteni ana redio na saa ya kurudi inajulikana, ni jambo tofauti kidogo. Huenda bado likakushinda. Unaweza pia kuomba watoto wasiende, lakini wa miaka 13 atataka sababu.

Kuna njia ya kati pia, ya kujaribu kidogo kwa masharti yako. Feri ya mchana ya saa moja si meli ya usiku. Jiulize, kwa utulivu, hofu yako ina umbo gani: ni usiku? Ni msongamano wa watu? Ni kufungiwa ndani ya chumba cha chini? Ni kutoiona nchi? Au ni maji yenyewe, hata ya magoti? Wengine wakilijua umbo hukuta kuna chombo wanachoweza kupanda, wakikaa juu penye hewa, asubuhi, wakiwa wamekagua jaketi kwa macho yao wenyewe na kuuliza chombo kinabeba watu wangapi. Wengine hukuta hakuna. Na hofu haisomi ratiba. Unaweza kukubali kwa akili ukiwa Leicester, na mguu ukagoma gatini Kingstown. Mkichagua hivi, kuwe na mlango wa kutokea uliopangwa: mtu anayejua kwamba ukigoma, mnageuka pamoja bila maneno.

Vidonge, dada yangu, vinazuia kutapika. Vingine hulevya usingizi. Havifanyi kazi unayotaka vifanye, na ukitaka kuvitumia muulize mfamasia kwanza. Kinachofanya kazi polepole ni mazungumzo na mtaalamu. Kwa hapo England unaweza kujiandikisha mwenyewe kwenye huduma za mazungumzo za NHS, shirika la afya la serikali, bila kupitia kwa daktari, ingawa foleni huwepo, kwa hiyo usitegemee itakuwa imekwisha kabla ya Pasaka. Unaweza kuanza kwa ajili yako, si kwa ajili ya likizo.

Sasa turudi kwa mume wako. Nimekupa hapo juu silaha ambayo unaweza kuitumia vibaya. Unaweza kesho kumwambia: "Baba fulani, Union imeharibiwa na kimbunga, mpaka unasumbua, pasipoti zetu ni mbili tofauti, tuondoe boti." Hoja ni za kweli, na pengine atakubali. Utapata ratiba nyingine na siri itabaki mahali pake. Watu wengi huchagua hivyo na maisha yanaendelea. Ila utakuwa umeongeza "muda hautoshi" ya pili juu ya ile ya Chake, na mwaka mwingine atakuja na ramani nyingine.

Ukichagua kusema, si lazima useme kila kitu wala si lazima useme mbele ya ramani. Wala usiseme wakati wa utani, maana hapo atalazimika kuaibika mbele ya watoto kabla hajapata nafasi ya kukusikiliza. Mkiwa wawili, watoto wamelala, unaweza kuanza na nduguyo badala ya boti. Mtaje jina. Mweleze ulikuwa wapi ulipopata habari. Huyo ni mtu aliyekuja hitima akiwa mchumba tu. Hebu umpe nafasi ya kukumbuka. Anaweza kuumia kwamba alikaa miaka yote bila kuambiwa, na hilo ni haki yake pia, lisikutishe likakufanya urudi nyuma. Anaweza kukimbilia kutengeneza, "basi tufute kila kitu leo leo," na hapo wewe ndiye utakayemwambia ngoja, Grenada naitaka, wazo lilikuwa langu.

Kuhusu wifi, umemchukulia kama mtu atakayepoteza pesa. Mimi nimemwona kama mtu anayekuandikia kila siku kuhusu nguo za stara. Si lazima ajue sababu. Lakini kabla ya mazungumzo yoyote, muulize yeye jambo moja la kawaida ambalo mtu yeyote wa safari huuliza: mwisho wa kurudishiwa arubuni ya katamarani ni tarehe ngapi, na je, idadi ya watu inaweza kupunguzwa? Ukishaijua tarehe hiyo, utajua una wiki ngapi za kuamua bila kumgharimu mtu, na ni usiku upi usiopaswa kupita mkiwa hamjazungumza.